Ufa Nyuma ya Kambi ya Juu

4 Februari

Mdogo wangu,

"Maji ya chemchemi zote zilizo kando ya njia zetu ni safi na salama, na mgeni anaweza kuyanywa kwa kiganja chake bila wasiwasi." Hayo ni maneno ya kijitabu kipya cha wapanda mlima kutoka ofisi yenu ya hifadhi, ukurasa wa saba, chini ya picha ya msichana anayecheka. Ni uongo. Nimetanguliza uongo mbele ya salamu, kinyume na tulivyolelewa, kwa sababu umenikaa kooni tangu jana na salamu hazipati pa kupita.

Sasa zipite. Hatujambo. Shemeji yako bado anabeba mizigo ya wageni, ila goti lake la kushoto limeanza kumjibu jeuri. Binti yangu amepata kazi ya kufundisha darasa la pili hapa shule ya chini, na chaki imemjaa hadi kwenye nyusi. Mama anakusalimu. Anauliza kama wifi ameshajifungua au bado mnasubiri kibali cha ofisi.

Turudi kwenye uongo. Unajua kazi yangu: mwaka wa ishirini na mbili sasa nazibua mitaro ya njia ya tatu, napanga mawe ya ngazi na kupaka upya mishale ya manjano ili mgeni asiende kuvunjika shingo. Juzi nilipanda hadi Kambi ya Juu, mara ya kwanza tangu muifungue kwa tarumbeta. Kutoka getini hadi Gotini, pale mteremko unapomfanya kila mtu ashike magoti, hakuna kichaka kisicho na karatasi nyeupe. Hazikuwa karatasi za kuandikia. Nilizoa ndoo mbili nzima kwa koleo, nikatapika mara moja, nikaendelea.

Nikafika kambini. Vyoo vipya sita, milango ya kijani, vimejipanga ukingoni kama wanafunzi kwenye gwaride, vinatazama mawio. Nikamuuliza yule mwongozaji tunayemwita Bwana Picha, "Hivi vinajaa baada ya muda gani?"

Akacheka. "Mama, hivi havijai! Ndio ufundi wake. Miezi mitatu, watu wote hawa, ukichungulia ni kama vimejengwa leo."

Choo kisichojaa, mdogo wangu. Mtu mzima anasifia choo kisichojaa na hajiulizi kinachoingia kinakwenda wapi. Nikazunguka nyuma. Shimo lao wamelijenga juu ya ule ufa.

Huwezi kuwa umeusahau. Baba alikuwa akienda kufyeka njia anakuchukua wewe, mimi nabaki chini na Mama kufua kwenye chemchemi. Ulikuwa unafunga majani matatu kwa uzi, unayatumbukiza kwenye ufa pamoja na kibuyu cha maji, nami huku chini nayadaka yakitoka kati ya mawe. Tuliziita barua. Majani mapana maana yake umefika salama, majani membamba maana yake Baba amekasirika. Mlima mzima ulikuwa posta yetu.

Niambie ni nani aliyechagua mahali pale. Sitaki jina, cheo kinanitosha.

Dada yako


26 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako nikiwa hospitali, na kwa jambo la heri: tumepata mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, ana kidevu cha Mama na hasira zako. Wifi yako anaendelea vizuri. Mwambie Mama kibali kimetoka. Namtumia sweta la sufu, najua asubuhi huko ni baridi. Mpe pole shemeji kwa goti, mwambie asibebe zaidi ya kilo kumi na tano, ndiyo kanuni.

Kuhusu hayo mengine, nakuomba usome bila kupandisha hasira. Mhandisi wetu alipima eneo lote. Sheria inataka choo kiwe mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Vile viko mita mia nne. Tumezidisha karibu mara saba, Dada. Zaidi ya hapo, ramani inaonyesha mkondo unaelekea upande wa pili wa mlima kabisa.

Uchafu wa njiani ni kweli unasikitisha, na tutaweka vibao vya kuelimisha. Lakini tukumbuke kwamba Kambi ya Juu imeleta kazi kwa watu wengi, akiwemo shemeji. Mlima ni wa wote. Si vizuri kila jambo jipya likutane na ukali. Wakati mwingine naona ukali umekuwa kwako kazi ya pili.

Tafadhali usiandikie magazeti kabla ya kuzungumza nami. Nisalimie sana Mama.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera. Kidevu cha Mama atakishukuru baadaye, na hasira zangu atazihitaji mapema. Mpe wifi pole na heko kutoka kwetu sote. Sweta limefika. Mama amepumzika, nitampa akiamka. Goti la shemeji yako halijasoma kanuni. Mgeni akimpa kilo ishirini na tano anabeba, maana asiyebeba kesho haitwi.

Umeandika ukurasa mzima wa barua na neno "ufa" halimo. Nimeutafuta kama mtu anayetafuta sindano aliyoikalia. Mita zimo, ramani imo, shemeji naye kaingizwa kama kinga ya kujifichia mvua. Ufa haumo. Nikasema sawa, huenda mjini mtu husahau mlima. Ngoja nimkumbushe.

Nilichukua makapi ya mpunga debe moja, nikayatia rangi ya manjano ya mishale, nikayaanika siku mbili mpaka rangi ikakauka kabisa, isitoke hata kwa kusugua. Shemeji yako akayapandisha. Tulikubaliana wakati kwa saa za mkononi. Saa nne kamili asubuhi ayamwage kwenye ufa, hatua tano nyuma ya vyoo vyenu, kisha afuatishe ndoo mbili za maji. Mimi na binti yangu tukakaa chemchemini na kitambaa cheupe tumekitanda mdomoni mwa maji. Mama alitaka kuja, tukamletea kigoda.

"Mnacheza tena?" akauliza. "Watu wazima na nywele za mvi?"

"Tunapokea barua, Mama."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka ofisini kwa mwanao."

Akacheka hadi akakohoa. Saa tano kasoro dakika tano, kapi la kwanza likatoka. Likafuata la pili, kisha kitambaa kikawa cha manjano kama kifua cha kifaranga. Mita zako mia nne, mdogo wangu, zimetembea ndani ya mlima kwa dakika hamsini na tano. Mlima haujasoma sheria yenu. Hiyo ramani inaonyesha maji yanayoonekana, na anayekunywa hanywi ramani.

Lakini makapi hayakuja peke yake. Kwenye kitambaa kulikuwa na kipande cha karatasi nyeupe, laini, ya aina ile niliyoizoa kwa koleo kule Gotini, kimelegea kama ngozi ya maziwa. Binti yangu alikiangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Mama, asubuhi hii nimekunywa." Nikamwambia sote tumekunywa. Akaenda nyuma ya mwamba nami nikasikia anatapika. Hapa ndipo wanapojaza maji ya shule, madumu ishirini kila asubuhi, na kila nyumba iliyoko chini ya barabara.

Katika bahasha hii nimeweka makapi kumi na mawili. Nimeyachemsha, yashike bila woga. Karatasi sikuiweka. Nimelelewa vizuri kuliko ofisi yenu.

Nauliza mara ya pili. Ni nani aliyechagua?

Dada yako


2 Juni

Kumb. Na. HM/MJ/114

Ndugu Mwananchi,

Yah: Malalamiko kuhusu miundombinu ya usafi, Kambi ya Juu

Tunakiri kupokea barua yako. Ofisi inathamini maoni ya wananchi wanaoishi jirani na hifadhi. Suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi na kamati husika. Utajulishwa matokeo kwa wakati mwafaka.

Tunakutakia ujenzi mwema wa taifa.

(Sahihi)
Mkuu wa Machapisho, kwa niaba ya Kamati ya Njia na Kambi


19 Juni

Ndugu Mwananchi ni mimi?

Mimi niliyekubeba mgongoni kuvuka mto ukiwa na surua, huku unanitapikia kisogoni? Nimesubiri siku tisini na sita. Nimesimama kwenye dirisha la posta hadi karani akaanza kuniambia "Bado, shangazi" kabla sijafungua mdomo. Na ilipofika, ikaja na mhuri! Sahihi ni yako. Ile herufi ya mwisho unayoikunja kama mkia wa kinyonga, niliyekufundisha kuikunja ni mimi.

Salamu ninazo, na utazisikia, kwa sababu safari hii salamu ndizo habari yenyewe.

Shemeji yako ameacha kupanda Kambi ya Juu. Binti yangu yuko salama. Mama haumwi tena kama alivyokuwa anaumwa. Ndiyo, alikuwa anaumwa. Nilipokuandikia kwamba amepumzika, alikuwa hawezi kuketi. Alianza kuharisha mwishoni mwa Februari. Siku ile ya makapi alitoka kitandani kwa ubishi tu, na kile kicheko chake kilimlaza wiki mbili. Alinikataza nisikwambie. "Ana mtoto mchanga, muache," alisema. Nami nikamtii kwa sababu nilidhani ukweli wa makapi utakutosha. Nilikuheshimu kupita kiasi.

Lile sweta lako sasa linamzunguka mara mbili.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi hakuuliza hata maswali, alitoa daftari akalifungua mbele yangu. "Shule ya chini, kumi na mmoja. Barabara ya kwenda sokoni, tisa. Na bado leo ni Jumatano." Akanitazama. "Mnakunywa maji ya wapi nyie?"

"Ya mlima," nikasema. "Ya kwenye kijitabu."

Sasa tunachemsha. Kuni zimekuwa kazi ya siku nzima, na kuni zenyewe ziko ndani ya hifadhi yenu ambamo ni marufuku kuokota. Mama anakunywa akikunja uso. "Maji yaliyochemshwa ni maiti ya maji," anasema. Miaka sabini na minne amekunywa chemchemi ile kwa kiganja. Mnajua mlichomfanyia? Mmemfanya achukie kitu pekee ambacho mlima huu ulimpa bila kumdai.

Nami nimekuwa mtu wa kichefuchefu. Nikiona mgeni mwenye fimbo mbili za kupandia anashuka akipumua kwa raha, natazama buti zake na najua alichoacha juu. Nikipaka mshale wa manjano, mkono unasita, kwa sababu najua mshale ule unawaelekeza wapi na kufanya nini. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi hii kwa fahari, leo nanawa mikono kabla na baada.

Sijibu barua ya ofisi. Namuuliza mtoto wa mama yangu. Mara ya tatu. Ni nani aliyechagua?


30 Julai

Dada,

Shikamoo. Mtoto anakaa sasa, anaokota kila kitu. Anayaokota na makapi yako. Nimeyaweka mezani kwenye kisahani, na wifi yako ameniuliza mara nyingi ni ya nini.

Ni mimi.

Tulikuwa watano katika chumba cha mikutano. Mwenyekiti, mhandisi, bibi wa masoko, mwanasheria na mimi. Dirisha lilikuwa limefungwa na chupa ya chai ilikuwa imesimamishwa juu ya ramani, pale hasa ilipo kambi, ikaacha duara la unyevu. Bibi wa masoko alitaka vyoo viwe ukingoni, alisema mgeni wa siku hizi anapiga picha hata akiwa chooni. Wakacheka. Mhandisi akasema pale ni mwamba mtupu, kuchimba ni taabu, lakini kuna ufa mkubwa wa asili ambao ungeturahisishia. Akauliza, "Kuna mtu anayelijua eneo hili?" Wote wakageuka kwangu. Wanajua natoka huko.

Ufa niliukumbuka, Dada. Niliuona kama nauona sasa. Lakini ningewaambia nini? Kwamba najua maji yanakopita kwa sababu nilipokuwa na miaka saba nilikuwa natumbukiza majani yaliyofungwa kwa uzi? Mbele ya mhandisi na vipimo vyake? Niliona aibu. Nilikuwa na wiki mbili tu katika cheo changu kipya. Nikasema, "Naona panafaa." Ni maneno mawili. Kisha mwenyekiti akamimina chai.

Ukurasa wa saba pia niliandika mimi. Kila nilipousoma nilijiambia mhandisi anajua zaidi.

Nimeomba uhamisho idara nyingine. Nakuomba hili libaki kati yetu, na usimsomee Mama barua hii. Nitatuma dawa za kusafishia maji.

Mdogo wako


11 Agosti

Kwako mdogo wangu, na kwa wale wanne unaoketi nao: Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mhandisi, Bibi wa Masoko na Ndugu Mwanasheria,

Hamjambo nyote. Kwetu goti la shemeji limepoa tangu aache kupanda. Watoto wa darasa la pili wamerudi shuleni, wamebaki wawili. Mama anatembea hadi mlangoni na kurudi, na jana alimgombeza jirani, kwa hiyo tuna matumaini.

Barua ya mdogo wangu ya Julai nimemsomea Mama. Uliniomba nisimsomee, na mwezi wa tatu yeye aliniomba nisikuandikie. Nimechoka kuwa mlinzi wa siri zenu wawili huku tumbo linalolipa ni lake. Alisikiliza hadi mwisho. Akaomba nirudie pale penye majani. Nikarudia. Akamenya viazi vitatu, kisha akasema, "Yaani aliona aibu ya majani, hakuona aibu ya mavi?"

Hilo ndilo neno lake. Sikulipamba. Ndugu Mwanasheria, andika kwenye kumbukumbu kama lilivyo.

Mdogo wangu, uhamisho ni nini? Ni kuhama meza. Ufa hauhami nawe. Tangu lini aliyemwaga anaomba kuhamia chumba kingine kisha anatuma dawa kwa posta? Ulikuwa na miaka saba unajua kitu ambacho mhandisi mwenye shahada hakukijua. Ulipaswa kukisema ukiwa umesimama. Elimu yako ya kwanza ulipewa na Baba, mwenye panga na viatu vya matairi, na ukaifukia kwa ajili ya kikombe cha chai. Kinachonichukiza zaidi ya karatasi, zaidi ya harufu, zaidi ya yale niliyoyazoa kwa koleo, ni hicho.

Na nyinyi wanne msijifiche nyuma yake. Mlimuuliza swali mkiwa mmeshakata shauri. Choo kisichojaa mlikiona ni muujiza, maana kilichotoweka machoni penu mlidhani kimetoweka duniani. Hakijatoweka. Kina anwani. Kinafika hapa baada ya dakika hamsini na tano.

Nimefanya mambo mawili, mjue kutoka kwangu kabla hamjajua kwa wengine. La kwanza, kwenye mwamba ulio juu ya chemchemi, kwa rangi yenu ya manjano na kwa mkono unaolipwa na nyinyi, nimeandika herufi za urefu wa mkono mzima: MAJI HAYA YANATOKA VYOONI. Bwana Picha amelipiga picha andiko hilo, sasa linatembea kwa wageni haraka kuliko kijitabu. La pili, pale Gotini nimefuta mshale wa kwenda Kambi ya Juu. Mkinifukuza kazi, mtamtafuta mtu mwingine wa kuupaka, naye pia atakuwa anakunywa maji ya hapa hapa.

Mvua zinaanza Oktoba. Zikifika kabla hamjatoa uchafu ule, zitausukuma wote kwa mara moja, na daftari la muuguzi halitatosha. Kwa hiyo nawataka nyinyi watano, Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, saa tatu asubuhi, mfike getini. Msije kwa gari la ofisi. Njooni kwa miguu, kwa njia ya tatu, mfuate mishale yangu, ambayo haijampoteza mtu. Binti yangu atakuwa chemchemini na darasa lake. Atakinga maji mbele yenu, yasiyochemshwa, glasi tano, na nyinyi mtakunywa, kama ukurasa wa saba unavyosema, bila wasiwasi.

Asiyeweza kunywa apande siku hiyo hiyo hadi juu, afunge ile milango ya kijani kwa misumari, na asishuke kabla hajatia sahihi kwamba shimo litahamia chini ya Gotini, ambako ni udongo na si ufa. Misumari ninayo. Nyundo ataibeba shemeji yenu, goti likikubali.

Nawe, mdogo wangu, uje mbele yao. Njiani uwaeleze habari ya majani, kwa sauti, mpaka mhandisi aelewe. Glasi yako haitakuwa mezani pamoja na zile nyingine. Mama amesema ataishika yeye, kigodani, mpaka uje uipokee mkononi mwake. Uje uipokee.

Dada yako